Ukienda Kuwasaidia Mayatima, Usiache Deni

HUENDA nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne na anasubiri kujiunga na chuo. Amechoka kukaa bure, na jana jioni mlipokuwa mezani aliwaambia kwamba anataka kwenda Kisumu kujitolea katika shule ya mayatima. Rafiki yake wa kanisani alikwenda mwaka jana akarudi na picha tele. Mama amefurahi. Baba ameuliza nauli ni pesa ngapi. Lakini hakuna aliyeuliza swali lililo kubwa kuliko hayo yote: akishamaliza wiki zake na kurudi nyumbani, atakuwa amewaachia nini wale watoto?

Siulizi hivyo ili kumvunja kijana wako moyo. Moyo wa kusaidia ni mali, na siku hizi si kila nyumba inao. Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kwenda, na deni nililoliacha huko nilikuja kulijua baada ya miaka 11.

WIKI TANO ZA JULAI

Ilikuwa mwaka 2004 nami nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, tuko likizoni. Nilipanda basi la usiku jijini Nairobi, nikapita Nakuru na Kericho nikiwa usingizini, nikaamka tukiteremka kuelekea Ahero, jua linachomoza na mashamba ya mpunga yametanda pande zote mbili za barabara. Moyoni nilijiona mtu mwema sana.

Shule niliyopelekwa ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Nyalenda. Ilikuwa na vyumba sita vya mabati, tangi la maji, na jiko la nje lenye sufuria kubwa ya uji. Ilijengwa na kuendeshwa kwa michango ya waumini wa ng'ambo. Wengi wa wanafunzi walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Darasa la tatu lilikuwa na mwalimu wake, mama mmoja mpole ambaye mshahara wake mdogo ulikuwa ukichelewa hata miezi miwili.

Mwalimu mkuu alinikabidhi hesabu za darasa hilo. Yule mama aliniachia ubao, akaenda kuketi nyuma pamoja na watoto. Nikaanza kufundisha kutoa kwa kukopa, kwa njia niliyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo. Njia hiyo haikuwa yake. Sikumuuliza yake ni ipi, na yeye kwa heshima hakunikatiza.

Darasani alikuwemo mvulana wa miaka tisa hivi, aliyekuwa akilelewa na nyanya yake. Kila jioni alinibebea mkoba hadi kituo cha matatu kando ya Ring Road, akasimama pale mpaka gari liondoke. Nilimzoea, naye akanizoea. Siku ya mwisho niliwanunulia watoto soda na mandazi, wakaimba, tukapiga picha. Mvulana wangu aliponiuliza nitarudi lini nilimjibu papo hapo: "Januari, shule zikifunguliwa."

Nilisema kwa nia safi kabisa. Januari ilipofika nilikuwa nimeshapata kibarua Nairobi, na Kisumu ilikuwa mbali.

Nilirudi mwaka 2015, tena kwa sababu kazi ilinipeleka huko. Nilimkuta yule mama bado anafundisha, sasa amevaa miwani. "Karibu Mwalimu," akaniambia, "umekawia." Tukaketi chini ya mti na akanisimulia bila hasira yoyote. Nilipoondoka mwaka ule, nusu ya darasa ilianguka swali la kutoa katika mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kuwa watoto walichanganya njia yangu na yake. Aliwarudisha nyuma na kuwafundisha upya jioni, bila malipo. Na siku ya kufunguliwa shule mwezi wa Januari, mvulana wa mkoba alivaa sare safi akaenda kusimama kituoni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Siku ya pili akaenda tena. Siku ya tatu nyanya yake ndiye aliyemfuata akamshika mkono.

Nilimtafuta kijana huyo nikampata ufuoni Dunga, akitengeneza injini ya boti. Alikuwa na miaka 20. Alinisalimu kwa adabu, akanifutia benchi nikae, kisha akacheka kidogo. "Jina nimelisahau, Mwalimu, usikasirike. Walimu wageni walikuwa wengi. Sisi tuliwaita kwa miezi. Wewe ulikuwa Julai."

Msomaji, neno hilo halijanitoka kichwani hadi leo.

MAYATIMA HAWA WALITOKA WAPI?

Ili uelewe kwa nini shule za namna ile zilichipuka kwa wingi kandokando ya Ziwa Viktoria, ni lazima tukumbuke msiba ulioikumba sehemu hii. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Kwa miaka 15 watu walizika na kunong'ona. Ni Novemba 1999 tu ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Kabla ya hapo, mtu wa Usoma au Rusinga asiye na pesa aliugua akafa, na mara nyingi mwenzake wa ndoa akamfuata.

Hakuna sehemu ya nchi iliyoumia kama hii ya ziwa. Hata miaka mingi baadaye, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa na virusi, Kisumu asilimia 17.5, Siaya 15.3 na Migori 13, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni biashara ya samaki, ambamo mvuvi hulala leo ufuo huu na kesho ufuo mwingine, na mama mchuuzi asiye na mtaji hulazimishwa kulipia samaki kwa mwili wake. Desturi hiyo wenyeji huiita jaboya.

Mwaka 2003 watafiti Erick Nyambedha, Simiyu Wandibba na Jens Aagaard-Hansen walichapisha uchunguzi walioufanya katika sehemu moja ya Bondo. Waligundua kwamba kati ya kila watoto watatu wa chini ya miaka 18, mmoja alikuwa amefiwa na angalau mzazi mmoja, na kati ya kila tisa, mmoja alikuwa amefiwa na wote wawili. Hebu fikiria darasa la watoto 45 ambamo 15 wamepoteza mzazi.

Mwaka huohuo wa 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lakini sare, vitabu vya ziada na chakula cha mchana vilibaki mzigo wa mlezi, na madarasa yakafurika. Ndiyo maana katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga shule ndogo za wafadhili ziliendelea kuwa na wanafunzi. Kwa mtoto aliyelala njaa, shule ni mahali penye uji.

DANI NDIYE NGUZO

Tunaposikia neno yatima, wengi wetu humwona akilini mtoto asiye na mtu duniani. Ukweli ni tofauti. Mashirika kama UNICEF humhesabu kuwa yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto hawa wana mama au baba aliye hai, na waliobaki wana dani.

Dani ni nyanya kwa lugha ya Kijaluo. Ukitaka kumjua anayebeba mzigo wa mayatima katika nchi ya ziwa, usitazame mbao zenye majina ya wafadhili barabarani. Mtazame dani anayeanika omena ufuoni saa moja asubuhi, akiwa amekwisha kuwapeleka wajukuu wanne shuleni. Alitarajia uzeeni watoto wake wamtunze. Badala yake aliwazika, akaanza kulea upya.

Mfano unaojulikana na wengi ni Mama Sarah Obama wa Kogelo, Kaunti ya Siaya, aliyefariki dunia Machi 29, 2021 akiwa na umri wa miaka 99. Ulimwengu ulimjua kama nyanya wa Rais Barack Obama wa Marekani, lakini majirani walimjua zaidi kwa mayatima aliowalea nyumbani kwake na kuwahimiza wasome. Wapo akina Mama Sarah wengine maelfu ambao hawatatajwa redioni.

Serikali ilipoanza kuwapa fedha walezi wa mayatima, mwanzoni kama jaribio mwaka 2004, ndio hawa walionufaika. Mpango huo baadaye ulifika Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba, na kiasi kikafika Sh2,000 kwa mwezi kwa kila familia iliyoandikishwa. Watafiti walioufuatilia waligundua kwamba watoto wa familia zilizopokea fedha hizo waliingia shule ya sekondari kwa wingi zaidi kuliko watoto wa familia ambazo hazikupokea. Piga hesabu: Sh2,000 kwa miezi 12 ni Sh24,000. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka London au Chicago hadi Kisumu huzidi kiasi hicho mara kadhaa.

Sisemi mgeni asije. Nasema tujue uzito wa kila shilingi.

KUKUMBATIWA NA KUACHWA

Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokulia mbali na wazazi. Alieleza jambo ambalo kila dani analijua bila kusoma: mtoto mdogo anahitaji mtu mzima mmoja aliye imara, anayekuwepo leo, kesho na kesho kutwa. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, wataalamu waliwalinganisha watoto waliobaki katika makao ya kulelea na wenzao waliopelekwa kulelewa na familia. Waliopata familia mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, waliendelea vizuri zaidi kiakili na kihisia.

Sasa mweke yatima katika hali hiyo. Amempoteza mama. Kisha kila mwezi analetewa mtu mpya mwenye tabasamu, anayemkumbatia, anayemwita rafiki, halafu anayepanda basi asirudi. Mara ya kwanza mtoto hulia. Mara ya nne huacha kulia. Sisi wageni husema, "Tazama, amezoea." Kweli amezoea, lakini alichozoea ni kwamba watu huondoka.

Usinielewe vibaya. Watoto wa Dunga au Usoma watamkimbilia mgeni yeyote na kumwita odiero, yaani mzungu, wakicheka, kisha watarudi kwa mama zao. Huo ni uchangamfu wa kawaida. Ninayemsema ni yule mtoto wa makao ambaye humrukia mgoni asiyemjua, akamshika shingo na kukataa kumwachilia. Wageni hudhani hayo ni mapenzi. Wajuzi wa malezi husema mara nyingi ni dalili ya mtoto asiye na mtu wake mwenyewe.

Tena kuna jambo lisilopendeza kulitaja siku ya Jumapili, lakini wazazi ni lazima walijue. Mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia na kuwashika watoto bila kuulizwa, waovu nao huingia. Desemba 2014 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimtia hatiani Simon Harris kwa kuwanajisi wavulana wa Gilgil. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiendesha shirika la kuleta vijana wa kujitolea katika shule za huko. Februari 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na miezi minne. Na mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana aliyekuja Nairobi kujitolea katika makao ya watoto, akawadhulumu. Wote wawili walikaribishwa kama watu wema.

NCHI IMEBADILI NJIA

Kwa sababu kama hizi Kenya imebadili mwendo. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Juni 2022 ilizindua mpango wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto kutoka makao hayo hadi kwa familia zao, au kwa familia nyingine zitakazowalea. Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika Julai mwaka huohuo. Nia ni makao yawe kimbilio la mwisho na la muda. Kisumu ni miongoni mwa kaunti za mwanzo kufanya kazi hii, Idara ya Watoto ikishirikiana na mashirika kama Catholic Relief Services.

Na si hapa tu. Shirika la Save the Children lilisema mwaka 2009 kwamba duniani kote, angalau watoto wanne kati ya kila watano walio katika makao wana mzazi aliye hai. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusia pia madhara ya wageni wanaofanya utalii na kujitolea katika makao ya mayatima.

Hata hivyo shule si makao. Mtoto anayekwenda shule ya wafadhili asubuhi na kurudi kwa dani jioni bado ana kwao. Shule ya namna hiyo ikiendeshwa vizuri huisaidia familia isivunjike. Kwa hiyo swali si kama usaidie au usisaidie. Swali ni usaidie vipi.

KAZI INAYOBAKI

Ipo mifano mizuri papo hapo Kisumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 padri Mholanzi wa shirika la Mill Hill, Hans Burgman, alianzisha kazi Pandipieri, ndani ya Nyalenda, miongoni mwa maskini wa mjini. Kazi hiyo ilikua ikagusa wagonjwa majumbani, watoto wa mitaani na vijana wanaotafuta ufundi. Hakuja kwa wiki tano. Alijifunza lugha, akakaa, na kazi ikachukuliwa na wenyeji.

Wewe huenda huna miaka 20 ya kutoa. Lakini hata mwenye muda mfupi anaweza kufanya kazi inayobaki baada yake. Siri ni hii: fanya kazi nyuma ya mwalimu na dani, usichukue mahali pao.

Chukua mfano wa vyeti vya kuzaliwa. Watoto wengi waliofiwa hawana, na bila cheti mtoto hupata shida kuandikishwa katika mfumo wa Wizara ya Elimu na baadaye katika mitihani. Ili kukipata, dani huhitaji barua ya chifu, vitambulisho au vyeti vya vifo vya wazazi, fomu za kujaza, na nauli ya kwenda mjini zaidi ya mara moja. Pengine hajui kusoma. Mwanafunzi wa chuo atakayeketi naye, akamjazia fomu na kumsindikiza mpaka ofisini, atakuwa amempa mjukuu kitu cha maisha. Na mtoto hatalilia kuondoka kwake.

Au chukua daftari za hesabu za shule. Shule nyingi za wafadhili huanguka kwa sababu mfadhili haoni fedha zimetumikaje. Kijana anayesomea uhasibu akimfundisha karani namna ya kuandika mapato na matumizi, huenda akaiokoa shule nzima. Fundi anaweza kuziba paa na kurekebisha tangi. Mwalimu stadi anaweza kukaa na walimu wenzake jioni, wakabadilishana mbinu, kisha wao ndio wakaingia darasani asubuhi. Ungefanya hivyo, watoto wasingepata njia mbili za kutoa kama nilivyowafanyia mimi.

Na kama unataka hasa kukaa na watoto, basi anza karibu. Mwanafunzi wa Maseno, saa mbili kila Jumamosi kwa mwaka mzima kumsaidia mtoto yuleyule kusoma zina thamani kuliko mwezi mmoja wa shamrashamra. Nawe wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, huna haja ya kusafiri usiku kucha kumtafuta yatima. Yuko mtaani kwako. Tofauti ni kwamba huyo wa mtaani atakuona tena Jumatatu, kwa hiyo utalazimika kutimiza ulichosema.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUKATA TIKETI

Mzazi, keti na kijana wako muulize haya, naye aiulize shule au shirika linalomwita.

Kwanza, je, shule imesajiliwa, na Ofisi ya Watoto ya kaunti inaijua? Wakisitasita, acha.

Pili, je, wamemwomba cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, na watu wa kumdhamini tabia? Shule inayompokea yeyote bila kumuuliza haiwalindi watoto wake. Vijana wengine huudhika wakiulizwa. Waambie wafurahi.

Tatu, watoto wanalala wapi? Kama wanalala hapo shuleni ilhali wana jamaa, uliza juhudi gani zinafanywa kuwarudisha nyumbani.

Nne, kazi yake ingefanywa na nani kama asingekwenda? Ikiwa ingefanywa na kijana wa Nyalenda kwa mshahara mdogo, basi anakwenda kumnyang'anya mtu riziki. Afadhali atume nauli yake ilipe mshahara huo.

Tano, picha je? Yatima ana haki ya kutoonyeshwa na makamasi yake kwa ulimwengu mzima. Usipige picha ya mtoto wa mtu ambayo usingependa ipigwe ya mwanao, wala usiisambaze kwa simu bila idhini ya mlezi.

Sita, ni nani atakayekuwepo siku baada ya yeye kuondoka? Mtu huyo ndiye anayepaswa kuonekana mbele ya watoto tangu siku ya kwanza.

Kama mgeni wenu anatoka ng'ambo, mkumbusheni pia kwamba kazi ya kujitolea inahitaji ruhusa ya Idara ya Uhamiaji. Na yeyote atakayeona mtoto akidhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, apige simu nambari 116. Ni bure, usiku na mchana.

WALE WASIOITWA WA KUJITOLEA

Turudi Dunga. Nilimwomba kijana yule radhi kwa ile Januari. Alitazama injini yake kwa muda, kisha akaniambia hana kinyongo. Nikamuuliza ni nani aliyemfikisha pale alipofika. Nilidhani atataja mfadhili. Alitaja watu wawili: dani wake, na yule mama wa darasa la tatu.

"Yeye alikuwa anakuja hata kama hajalipwa," akasema.

Hapo ndipo niliposhika maana ya neno tulilolitumia ovyo. Mimi niliyekaa wiki tano nikapigwa picha niliitwa mfanyakazi wa kujitolea. Mama aliyefundisha miezi miwili bila mshahara, akarudia jioni kurekebisha nilichoharibu, aliitwa mwalimu tu. Dani aliyelea bila likizo hakuitwa chochote.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Langu naendelea kulilipa kidogo kidogo. Kila muhula unapoanza nilikuwa nampigia yule mama simu kumuuliza kinachohitajika, mpaka alipostaafu, na sasa humpigia aliyechukua nafasi yake. Mara nyingi hutajiwa vitu vidogo: jozi mbili za viatu, chaki, nauli ya dani fulani kwenda kufuatilia cheti. Natuma ninachoweza. Nikiulizwa nitakuja lini, najibu kwamba sijui, na sitaji mwezi.

Basi kijana wako akiuliza tena leo mezani, usimkatalie. Mwambie aanze na Jumamosi ijayo, mtaani kwenu, kwa mtoto mmoja na mlezi wake. Baada ya mwaka mmoja, kama bado anakwenda kila Jumamosi, mkatie tiketi ya Kisumu.